Mwaka wa Maji Matatu

Shabani aliponipigia simu kunijulisha kwamba mama yake ametutoka, nilidhani ni mtandao mbovu. Nilikuwa Tunduru, kwenye karakana ya mtu anayechaji betri za magari, jenereta inanguruma, na sikioni mwangu ikawa inapita pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nilikuwa karibu kukata. Halafu ile pumzi ikasema, "Profesa, usikate," nikajua, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeniita Profesa, na hakuna mwingine mwenye sauti ya namna ile. Nikazima jenereta ya watu bila kuomba ruhusa. "Mama ametangulia," akasema. "Tumemzika jana alasiri. Njoo tufuturu." Hakusema njoo matangani, hakusema njoo unipe pole. Njoo tufuturu. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, na tangu nilipoondoka Kariakoo nikiwa kijana sijawahi kukaa kwenye futari ya mtu yeyote, awe Shabani au mwingine. Nimekaribishwa Mtwara, Kilwa, Kigoma, kila mara nikatafuta kisingizio, nikazungukazunguka nje mpaka watu wamalize. Shabani analijua hilo. Basi la kunirudisha Kariakoo lilipokuwa linakata pori kuelekea Lindi nilikaa dirishani nikijiuliza kama nitaweza, na katika kujiuliza huko mwaka wangu wote wa huko ukanirudia, vyumba vyake, vyakula vyake, harufu zake. Nimeishi mahali pengi na kufanya kazi nyingi. Lakini ukiniuliza ni mwaka gani nilikuwa na furaha kweli, nitakutajia huo huo ambao ningepaswa kuuonea haya, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sijaweza kujisamehe: kwamba bado naupenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na nilikuwa na tabia ambayo bado ninayo, ya kushika kazi mpaka niielewe, kisha kuichoka. Kariakoo nilifika kama mchukuzi wa mizigo, nikaishia kwenye duka la Bwana Nasoro, mtaa wa pili kutoka sokoni. Lilikuwa duka la vitu vya kutengenezea vitu: soda kali ya sabuni, rangi za batiki, manukato ya madumu, maji ya betri, peroksaidi kwa watu wa saluni, na dawa ya kutia madini joto kwenye chumvi, ambayo wenye mashamba ya chumvi waliifuata kutoka Bagamoyo. Kazi yangu ilikuwa kupunguza madumu makubwa kuwa chupa ndogo. Chupa zenyewe zilikuwa zile za maji ya kunywa, zilizookotwa, zikaoshwa, zikabanduliwa karatasi. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Ili tusichanganye, chupa ya peroksaidi tuliivalisha mpira mwekundu shingoni, ule mpira mwembamba wa kufungia noti. Ya maji ya betri ilivaa miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya duka, na Bwana Nasoro aliirudia mpaka tukawa tunamwigiza akiwa amegeuka. "Chupa bila mpira ni maji," alikuwa akisema, kidole juu. "Chupa yenye mpira si maji. Mtu akikosea hapo, aulizwe mvalishaji." Mvalishaji nilikuwa mimi.

Shabani alikuwa mnadi wa duka. Wanadi Kariakoo ni wengi na wengi wao hupiga kelele tu, lakini Shabani alikuwa na sauti. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa pana, yenye mchanga kidogo chini yake, na ilipita juu ya honi na mikokoteni bila yeye kukaza shingo. Jioni za Alhamisi aliimba kaswida na vijana wa madrasa, na imamu wa msikiti wa mtaa wao alikuwa ameanza kumwachia adhana ya alasiri. Nyumbani kwao kulikuwa mitaa miwili kutoka dukani, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, na humo Bi Mwajuma, mama yake, alinipa chumba cha mwisho, kile kilichokuwa na magunia ya mkaa. Asubuhi nilisikia ugomvi wa wapangaji kupitia ukuta: nani amechota maji ya nani, nani amehamisha ndoo. Bi Mwajuma alikuwa akimaliza ugomvi kwa kupiga mwiko kwenye sufuria. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sikio moja zito, na lile zima alikuwa analielekeza mtaani siku nzima. Alikuwa anapeta mchele uani, ghafla anasimamisha ungo. "Haya, amefika kwenye batiki," anasema. Au: "Leo amechoka, atarudi na njaa, ongeza nazi." Alimfuatilia mwanawe kwa sauti, kama wengine wanavyotazama saa. Sauti hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba ile, lakini zaidi ya hapo ndiyo iliyomwambia mama kila jioni kwamba mambo ni shwari.

Maji matatu niliyaona kwa mara ya kwanza Upanga. Mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Tekla, alinunua vitu dukani akanichukua nimbebee maboksi mpaka kwenye shule aliyofundisha. Nikashusha, nikalipwa, nikatakiwa kuondoka, nikabaki dirishani. Ndani, mbele ya wanafunzi, alimimina glasi tatu za kitu kama maji ndani ya glasi moja kubwa, akakoroga. Yakabaki maji. Kisha yakageuka rangi ya asali, taratibu, kama chai inapokolea. Nikasema moyoni, sawa, yamegeuka. Mara, kwa kufumba na kufumbua, yakawa bluu nzito ya wino. Nikasema, kweli. Kisha bluu ikafifia yenyewe, bila mtu kugusa, yakarudi maji. Halafu asali tena. Halafu bluu. Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeona vitu vingi vikibadilika: chuma kikishika kutu, maziwa yakiganda, watu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikibadilika na kurudi, na kubadilika na kurudi, kana kwamba kimesahau kilichoamua. Kipindi kilipokwisha nilimfuata Mwalimu Tekla hadi getini nikimwuliza maswali, akacheka, akaniambia njoo Jumamosi. Nilikwenda Jumamosi nyingi. Alinifafanulia kwamba mle ndani kuna kazi mbili zinazovutana: moja inatengeneza madini joto, nyingine inayala, yakizidi, wanga unayashika na kuwa bluu, yakiliwa, rangi inakufa, na mvutano huo unaendelea hadi kimoja kati ya vyakula vyao kiishe. Mwisho hubaki bluu na haibadiliki tena. "Vingi vya humu mnauza nyinyi wenyewe dukani," alisema. Kilichokosekana dukani, unga fulani mweupe, alinigawia kwenye kopo la baking powder.

Ilinichukua miezi kupata vipimo. Nilijaribu kwenye chumba cha mkaa, usiku na mchana, mpaka mashuka yakawa na madoa ya kahawia. Siku yalipokubali nilikuwa uani, nimetumia glasi ya Bi Mwajuma ya wageni bila kumwambia. Alikuja na ungo wake kunigombeza, akakuta glasi imeingia bluu. Akasimama. Ikafifia. Akaweka ungo chini. Ikawa asali. "Wee Festo," akasema, "limeamua nini hilo?" Nikamwambia, "Bado, mama." Tukaangalia wote wawili hadi mwisho, bega kwa bega. Yaliposimama kwenye bluu akavuta pumzi kama mtu aliyemaliza kusikiliza habari ndefu. "Glasi hiyo sasa ni yako," akasema. "Na shetani wako mwondoe karibu na mchele wangu." Jioni hiyo alinipakulia mihogo ya nazi na kipande cha samaki changu kilichokuwa cha Shabani. Shabani alilalamika, akaambiwa, "Wewe umegeuza nini leo?"

Ni Shabani aliyetaka tuyapeleke mtaani. "Mwana, watu watasimama," alisema. "Wakisimama, nitawauzia hadi kivuli chao." Bwana Nasoro akatoa meza. Tukawa tunafanya jioni, saa ambayo soko linajaa. Mimi nilimimina, yeye alisema. Alikuwa haelewi kemia hata kidogo wala hakutaka kuelewa. Nilipojaribu kumfundisha aliniwekea kiganja mdomoni. "Profesa, wewe shughulika na maji, mimi nishughulike na wanadamu." Kisha anageuka na kipaza sauti: "Maji! Maji! Maji! Njoo uone maji yasiyojua yanataka nini! Dada, hii si tabia ya bwana wako? Asubuhi meupe, mchana asali, jioni giza!" Mwanamke mmoja anajibu kutoka nyuma ya beseni la samaki, "Wangu mimi hajafika hata hiyo asali!" na mtaa mzima unaangua kicheko. Wengine walisema ni uchawi. Nilikuwa nachukua kipaza sauti nawaambia, hapana, ndugu zangu, ni dawa ya chumvi na wanga wa nguo na hiki na hiki, na Shabani ananinyang'anya: "Msimsikilize, huyu hajalala tangu azaliwe!" Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kama inaruhusiwa kwa mtu wa aina yangu. Mikono yangu ilikuwa na kazi ya kuijua, kulikuwa na mtu wa kucheka naye, na jioni sahani iliyofunikwa ilinisubiri.

Kitu kimoja kiliharibu maonyesho, kwa maoni yangu. Chupa ya peroksaidi ilikuwa na mpira wake mwekundu, na ya pili, iliyokuwa na tone la maji ya betri, ilikuwa nayo yake miwili. Watu waliiona mipira. "Hizo zina kitu!" walisema, kabla hatujaanza. Nilitaka waone maji, maji, maji, chupa tatu za kawaida kabisa, ili mshangao uwe mkubwa. Nikaanza kuvua mipira kabla ya maonyesho na kuirudisha baada ya kumaliza. Niliivaa mkononi wakati huo, kama bangili, ili nisisahau. Sikusahau hata mara moja, miezi yote hiyo. Nasema hivi si kwa kujitetea. Ndivyo mambo yalivyo: mtu huivunja sheria kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu wenyewe unamfanya aone kwamba hajaivunja.

Ramadhani ikaingia. Shabani alifunga, mimi sikufunga, mimi ni Mmwera wa kanisani, lakini mchana nilikula nikiwa nimejificha nyuma ya madumu kwa heshima ya mtaa. Biashara ilihamia jioni zaidi. Watu walijaa kununua magimbi, tambi, tende, na karibu na magharibi vijana wa msikiti walipita wakiweka chupa za maji na vifuko vya tende kwenye kila meza iliyokuwa mtaani, kwa ajili ya yeyote ambaye adhana itamkuta njiani. Kwetu pia waliweka. Sasa, mtu aliyepiga kelele jua zima bila kunywa, vidole vyake jioni vinatetemeka. Nilimwona Shabani siku ya kwanza akihangaika na kizibo, nikakichukua nikamfungulia. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kabla ya adhana nilikuwa nachukua chupa moja, nakata kizibo, naiweka wazi upande wake wa kulia. Adhana ikiingia yeye anazima kipaza sauti, anafumba macho, anasoma dua yake, ananyoosha mkono bila kuangalia, anaikuta. Bi Mwajuma aliposikia hivyo alifurahi kuliko nilivyotegemea. "Ukimfungulia aliyefunga, na wewe unapata thawabu," aliniambia, "hata kama jina lako ni Festo." Kila jioni nilijisikia nimeingizwa ndani ya kitu.

Siku ile tulikuwa tumemaliza. Glasi imeganda kwenye bluu, mipira iko mkononi mwangu, nilikuwa naanza kuirudisha. Kundi likapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Shabani akatazama mbingu juu ya maghorofa, akasema, "Muda hautoshi, Profesa, adhana hiyo hapo." Mimi ndiye niliyesema utatosha. Nilikuwa na kipimo kipya nilichotaka kukijaribu, nilidhani kitaenda haraka zaidi, na watu wale wote walikuwepo. Nikafungua chupa, nikamimina, na ya peroksaidi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nikaiweka mezani, wazi, pale mkono ulipoishia, kulia kwa Shabani, kwa sababu macho yangu yalikuwa tayari kwenye glasi. Vijana wa msikiti wakapita, wakaweka maji yao na tende, chupa zilizofungwa. Glasi ikawa asali. Adhana ikaingia. Mtaa ukanyamaza kama unavyonyamaza dakika hiyo, kipaza sauti cha Shabani kikafanya tik, na nilibaki nikitazama. Kwa jicho la pembeni niliuona mkono wake ukitoka kwenye kifua na kunyooka. Niliuona. Nilijua pia kwamba sijafungua maji yoyote. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa wakati mmoja, nayo hayakukutana, kwa sababu nilikuwa nangoja bluu.

Alikunywa kama anywavyo mtu aliyefunga, funda kubwa, kichwa nyuma. Halafu ikasikika sauti ambayo sitaieleza, na povu jeupe likamtoka kinywani na puani, jingi kupita kiasi, na watu wakafikiri ni kifafa. Mtu akapiga kelele apewe maziwa, mwingine ashikishwe ufunguo, dawa ya kifafa ya mtaani. Mimi nilikuwa nimeshika chupa nikiinusa, ingawa nilijua. Bwana Nasoro alitoka dukani akaiona chupa mkononi mwangu na mipira kwenye kifundo cha mkono wangu, akaelewa yote bila kuuliza. Tulimpakia kwenye gari la mizigo la duka, kichwa chake mapajani mwangu. Baadaye niliambiwa kwamba Bi Mwajuma alikuwa uani, sikio lake zima mtaani, akingoja mwanawe arudi kwenye kipaza sauti baada ya adhana kama kawaida kuwatakia watu futari njema. Hakusikia. Alipakua uji, akaufunika, akasimama mlangoni.

Hakufa. Siku ya tatu waliniruhusu kuingia wodini. Midomo yake ilikuwa imevimba, ulimi mweupe, na daktari alikuwa ameshawaambia ndugu kwamba koo litapona, ila sauti wasiitegemee. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia kila kitu, kwa mpangilio, kama shahidi: mipira, marudio niliyoyang'ang'ania mimi, chupa niliyoiacha wazi, mkono wake niliouona nisigeuke. Sikutaka asikie nusu. Alinisikiliza akiwa amekodolea dari macho. Kisha midomo ikasogea, nikainama, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile pumzi ambayo tangu hapo ndiyo sauti yake. "Ilikuwa imefika rangi gani?" akauliza.

Nimeligeuza swali hilo kwa miaka mingi. Wakati mwingine naona alikuwa ananitania, maana Shabani angemtania hata mchimba kaburi lake. Wakati mwingine naona alitaka kujua kweli, kwamba angalau kitu kilichomgharimu kilikuwa kimefika wapi. Muuguzi aliingia, nikasimama, nikatoka bila kujibu. Si kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka vizuri mno. Mtu anayeikumbuka rangi ameshasema alikuwa anatazama nini.

Nilichokuwa nakingoja ni lawama, nami ningeipokea kama mgonjwa anavyopokea sindano. Haikuja. Wazee wa mtaa walisema ni kadari ya Mungu na ndani ya mwezi mtukufu, nani atabisha. Bwana Nasoro alijilaumu kwa habari ya chupa, akaenda kununua chupa za kioo cha kahawia, na mbele ya watu hakunitaja. Nilirudi nyumba ile kuchukua nguo zangu nikidhani nitaingia na kutoka. Bi Mwajuma alikuwa ameshatandika mkeka. Akaniwekea sahani, wali wa nazi na maharage, akakaa mbele yangu bila kula. Wapangaji wote walikuwa wamenyamaza, hakuna ndoo wala mwiko. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba. Kula, mwanangu," akasema. Sikuweza kunyanyua mkono. Akanisogezea sahani. "Wewe ndiye uliyekuwa unamfungulia," akasema. "Jioni zote zile. Mimi sisahau hizo." Angenitemea mate ningekaa. Kwa maneno yale nikaondoka kabla ya Idi, na glasi yake ya wageni nikaiacha dirishani kwenye chumba cha mkaa.

Niliporudi safari hii, basi lilinishusha, nikapita kwa miguu katikati ya maghorofa ambayo siyajui. Duka la Bwana Nasoro halipo, pana watu wanaouza makasha ya simu, na wanadi wa siku hizi wanarekodi sauti zao kwenye vipaza vinavyojirudia vyenyewe, "buku, buku, buku," elfu moja kwa kila kitu, mpaka betri iishe. Shabani nilimkuta kwenye kibanda chake. Anatengeneza saa na simu. Ni kazi ya kimya, aliichagua mwaka uliofuata ule. Wateja humwinamia kumsikia, na nimegundua kwamba mtu ukimwinamia mwingine unakuwa mpole bila kutaka. Ana wateja waaminifu kuliko wote niliowahi kuwaona. Aliinua kioo chake cha jichoni. "Umezeeka vibaya," akasema kwa pumzi. "Wewe umezeeka vizuri," nikasema. "Najua. Sipigi kelele." Akafunga kibanda. Njiani nilimpa pole ya mama yake, naye akanieleza kitu ambacho sikukijua: kwamba Bi Mwajuma mpaka mwisho, kila jioni, alisimamisha ungo na kugeuza sikio lake mtaani, kama anayejaribu kukumbuka jina. Sijui kwa nini aliniambia. Labda alidhani ni kumbukumbu nzuri. Nilitembea nyuma yake kidogo ili asinione uso.

Uani walikuwa wametandika mikeka miwili, ndugu na majirani wa matanga, wajukuu wakipitisha sahani. Hapakuwa na chupa hata moja. Mkewe Shabani aliniambia, bila kujua ananiambia nini, kwamba marehemu hakutaka chupa ya maji ivuke mlango wake. Maji ya nyumba ile ni ya jagi na vikombe vya bati. Nilianza kusimama, nikitafuta kisingizio changu cha siku zote. Shabani akaweka jagi mbele yangu. "Kaa," akasema. "Hapa asiyefunga ni wewe peke yako. Wewe ndiye wa kumimina." Kijana mmoja akadaka maneno: "Baba mdogo, usituangushe, koo zimekauka!" Wakacheka. Nikamimina vikombe, kimoja baada ya kingine, nikivinusa. Nilijua wananiona nikinusa maji.

Adhana ikaingia kutoka msikiti ule ule, sauti ya mtu nisiyemjua, nyembamba, ya haraka. Shabani akafumba macho. Midomo yake ikasoma dua isiyosikika. Kisha mkono wake ukatoka kifuani, ukanyooka upande wa kulia bila yeye kuangalia, kama zamani, ukabaki hewani unangoja. Safari hii niliutazama mkono tu. Una madoa ya uzee, na kovu dogo la bisibisi kwenye kidole gumba. Nikauwekea kikombe, nikavifunga vidole vyake kwa vidole vyangu mpaka nilipokuwa na hakika amekishika.

"Asali," nikasema. "Ilikuwa bado kuingia bluu."

Alifumbua macho. Akanitazama, na sikuweza kujua kama anacheka. Mjukuu wake aliyekuwa karibu akauliza, "Asali ipi, babu?" Shabani alikunywa anavyokunywa siku hizi, kidogo kidogo, anasimama katikati ya mafunda kulisubiri koo lake lilegee, na mimi nikahesabu kila funda nikiwa nimeshikilia jagi kwa mikono miwili. Alipomaliza hakukiweka kikombe chini. Alininyooshea.

"Niongezee," akasema.